Nazi Nisizozisikia

Nazi huchaguliwa kwa sikio. Unaitikisa karibu na shavu. Maji yakicheza ndani, ni nzima. Ikiwa kimya, ama ina ufa ama imekauka, unaiweka kando. Kazi hii nilifunzwa na marehemu baba, na kibanda changu hapa Shika Adabu kilipata wateja kwa sababu hiyo tu. Watu hawakujisumbua kuchagua, waliniachia mimi.

Lakini kabla ya kibanda nilisaga mahindi Mikindani miaka kumi na mmoja, sikio ubavuni mwa mashine. Mashine niliiacha, mlio haukuniacha, miaka michache baadaye ulinifikia kibandani. Ni mluzi mwembamba, kulia na kushoto, hauninyamazii hata nikiwa kwenye sala.

Daktari aliniambia masikio yangu hayapokei tena sauti nyembamba, na ubongo, kwa kuzikosa, unajikaza kuzitafuta hadi unajitungia sauti yake. Akasema nisiufuatilie mluzi. Ubongo wenyewe utachoka kuusikiliza, jinsi wakaao kando ya barabara kuu wasivyosikia tena malori. Maneno mazuri. Ila wale, malori yakiwachosha, huenda Utange kwa shemeji zao wakapumzika. Mimi nihamie wapi? Sikumwuliza, nilishukuru nikatoka.

Basi nikaanza kuigiza. Natikisa nazi, nafumba macho kidogo, natingisha kichwa kama niliyesikia, namkabidhi mteja. Mkono ulinisaidia kupima uzito, mengine nikibahatisha. Niliona haya, wallahi, na kila asubuhi nilifungua kibanda kama mtu anayejifungia mwenyewe ndani. Kazi nyingine sikuwa nayo.

Asubuhi moja bibi jirani, mteja wangu wa tangu mwanzo, akarudi na vifuu vya nazi mbili nilizomchagulia. Alizivunja mbele ya wageni wa mkwewe, zikatoa uvundo. Hakugomba. Aliviweka mezani akaningoja niseme. Nilitaka kumsingizia aliyeniletea mzigo, ulimi ukakataa.

"Bibi, sizisikii nazi tena," nikamwambia. "Nasikia mluzi mtupu, mwaka wa pili sasa."

Akavisukuma vifuu kando. "Na hukusema, mwanangu? Hebu sogea huko."

Akakalia kigoda changu, akaanza kutikisa moja baada ya moja, nzima huku, mbovu kule, akinisimulia wageni walivyoziba pua na mkwewe alivyojifanya ana mafua. Nilicheka mpaka nikashika meza. Tulimaliza rundo lote. Alipoinuka kujipangusa nyuzi za makumbi, ndipo nikatambua kwamba muda wote ule sikuwa nimeusikia mluzi. Kumbe daktari alisema kweli. Kwa furaha nikatega sikio nihakikishe kama umekwenda.

Nikausikia.