Milioni Moja na Moja

Nicheke ukitaka, lakini nisikilize kwanza. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi huku Mbita, na majivuno nilikuwa nayo ya kutosha.

Ukutani darasani kwangu kuna gunia la sukari nililoliandikia namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, hadi tisini na saba, gunia lilipoishia.

Juzi nilitaka kuwashangaza wazazi kwenye mkutano wao. Nikachukua milioni moja na moja, nikaigawanya kwa kila namba ya guniani, Jumapili nzima. Kila mara kulikuwa na baki. Basi nikaipaka rangi ukutani nje, tarakimu kubwa kama mlango: 1,000,001 HAIGAWANYIKI.

Wazazi walipiga makofi. Mama Achieng', anayefuga vifaranga vya samaki ziwani, hakupiga. Alikuwa anabonyeza simu.

"Mwalimu, umejaribu mia na moja?"

"Ya nini, mama?"

"Mimi nikiuza vifaranga mia, naongeza mmoja, sababu wengine hukufa njiani. Hiyo mia na moja naijua sana. Zidisha na elfu tisa mia tisa na moja, utapata hii yako."

Nilizidisha pale pale, watu wote wakitazama. Ikatoka vile vile, haikupungua hata moja.

Mama Achieng' akachungulia darasani kupitia dirishani, akalitazama gunia langu kwa utulivu.

"Sasa mwalimu, gunia ikiisha, namba pia zinaisha?"