Bangili ya Mama Ndani ya Bwela

Kila nipitapo mlangoni kwa sonara, harufu ya makaa na fedha inayoyeyuka hunirudisha uani kwetu Changamwe.

Baba, fundi wa reli, alikuwa akiunda garimoshi dogo la shaba, refu kama mkono wake, liende kwa mvuke wa kweli. Magurudumu yalimtii, bwela, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ikamkataa. Kila alipowasha moto, lehemu ya risasi ililainika na mvuke ukapenya viungoni ukipiga mluzi. Alitaka lehemu ya fedha, inayostahimili moto zaidi, nayo vita vya dunia vilikuwa vimeiadimisha madukani.

Siku moja Mama alirudi kutoka kisimani akakuta sanduku lake wazi. Bangili aliyoachiwa na marehemu mamake ilikuwa imekwisha yeyushwa.

"Ni kipande tu cha fedha," Baba alisema. "Njoo uone, sasa haivuji."

Mama alilifunga sanduku lake. Alingoja Jumapili, majirani walipojaa uani. Garimoshi lilikwenda, watu wakashangilia, Baba akacheka hadi machozi yakamtoka. Moto ulipozimwa na maji kumwagwa, Mama alilibeba kwa kanga hadi jikoni, akalizika kwenye makaa, akanipa kipepeo.

"Pepea, mwanangu. Usilegeze mkono."

Viungo viliiva vyekundu, kisha fedha ikaanza kudondoka majivuni.

"Mke wangu, wafanya nini huko?" Baba aliita.

"Abee, bwana," Mama aliitikia kwa sauti laini kabisa. "Nachukua changu."

Baba alifika mlangoni, akaiona bwela yake ikifunuka. Nilimtazama usoni, nikazidi kupepea.