Asubuhi ya Baruti Isiyopigwa

Lori likipita mbele ya ofisi yetu hapa Kolwezi, vikombe vya chai hugongana kwenye sinia, na mimi, mtu mzima mwenye mvi zake, huinua mikono kushika kabati ambalo halipo. Wenzangu wameshazoea. Husema, "Madamu anashika nyumba isianguke," wanacheka, kisha kila mtu anarudi kwenye kompyuta yake. Kazi yangu ni kuandaa karatasi za malori yanayopeleka madini mpakani. Nimeifanya muda mrefu, na sitawaficha ninyi mnaonisoma: nimechoka. Sijachoka mwili tu. Nimechoka kujua jana leo itakuwaje.

Ndiyo maana huota mchana kweupe. Naota nimeaga, nimeacha malori na mihuri, nimekwenda kusomea matetemeko ya ardhi. Wakati wa chakula nasoma kwenye simu habari za volkano za Goma, mafuriko, milima inayoporomoka juu ya vijiji. Binti yangu ananiuliza kama nitakaa dawati moja na watoto wa rika lake. Namjibu kwamba nitakaa mbele kabisa, kwa sababu ya macho. Lakini mzaha kando, ndoto hiyo ilianza zamani, na nitawaeleza ilikoanzia.

Nilikulia kambini, yaani katika nyumba za matofali ambazo Kampuni ya shaba iliwajengea wafanyakazi wake. Tata, baba yangu, alikuwa mtu wa baruti. Yeye na wenzake walitoboa mwamba, wakajaza baruti matunduni, wakarudi nyuma, na mwamba ukapasuka. Kila alasiri king'ora kililia kwanza. Kikilia, wanawake wa kambi nzima waliacha walichokuwa wakifanya. Mama alifunika sufuria ya sombe ili vumbi la dari lisiingie kwenye mboga. Mimi nilikimbilia kabati la vioo nikalikumbatia, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na Kalala, mdogo wangu, aliingia chini ya meza kwa raha zake. Kisha puu! Sahani zililia, mbwa wakabweka, na harufu ya vumbi lenye moshi ikatufikia baadaye kidogo. "Tata yenu anatusalimia," mama alikuwa akisema, kisha anafunua sufuria na kuendelea kukoroga.

Watoto wa kwingine waliogopa ardhi ikitikisika. Sisi tulikuja kuogopa ilipotulia. Kwanza mgodi ulipiga baruti mara moja moja tu. Halafu vipuri vikakosekana, mafuta yakakosekana, mishahara ikachelewa hadi ikasahaulika, na siku moja king'ora hakikulia tena. Nakumbuka nimesimama mbele ya kabati alasiri, mikono imeshikilia vioo, nikingoja. Mama akaniambia niende nikacheze. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka na homa.

Njaa ilipoingia, maneno nayo yakaingia. Babu yangu alikuwa ameletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Tata alizaliwa huku, mama alizaliwa huku, na Kasai tuliijua kwa nyimbo za misiba tu. Ghafla tukawa wageni. Wakubwa walisema redioni kwamba tumekula kazi za wenye nchi. Vijana wakapita barabarani wakiimba, "Bilulu barudie kwabo!" Bilulu ni wadudu. Nilimuuliza mama ni wadudu gani hao wanaofukuzwa, akanituma nikachote maji.

Kilichotuumiza zaidi ya nyimbo ni dirisha la Mama Ilunga. Yeye na mumewe walikuwa jirani zetu wa ukuta kwa ukuta, Waluba wa Katanga, wenyeji wa huku, na Tata Ilunga alifanya kazi kikosi kimoja na tata. Mama na Mama Ilunga walipeana makaa ya moto, chumvi, na watoto wa kubeba mgongoni. Siku hizo akawa anafunga dirisha mama akitoka uani. Hakututukana hata mara moja. Alifunga tu, taratibu, nadhani kwa kuogopa kuonekana. Mama alifua nguo akiwa amelipa mgongo dirisha hilo, na mabega yake yalinikera kwa jinsi yalivyolegea.

Watu wetu walikuwa wakienda stesheni, wanalala huko na mizigo yao wakingoja treni ya kwenda Kasai. Tata alikataa kwenda kulala kwenye changarawe. Alikuwa na rafiki wa reli aliyemwahidi nafasi kwenye behewa la mizigo, siku fulani, saa sita mchana. Tukafunga vitu usiku wa kuamkia siku hiyo. Sahani zilivingirishwa ndani ya vitenge. Kabati lilibaki tupu, na sikutaka kulitazama.

Asubuhi ile tulikuwa tunakunywa chai ya rangi, tumekaa juu ya mizigo. Ardhi ikatikisika. Vioo vya kabati vikalia, nami nikaruka kulikumbatia kabla sijafikiri. Kalala akaingia chini ya meza, chai ikamwagika, vumbi la dari likatuangukia. Halafu kimya, halafu kambi nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mngekuwapo mngedhani ni harusi. Watu walitoka uani na mataulo, na sabuni kwenye mashavu, wakipiga makofi. Hakuna aliyekimbia kujiokoa. Ingekuwa mji mwingine wangelia kwa hofu, lakini sisi kwetu nyumba ikitikisika maana yake ni mshahara.

Mlango wetu ukafunguliwa bila hodi. Mama Ilunga aliingia na unga wa bukari mikononi. "Mama Ngalula! Umesikia? Banapiga baruti! Kazi inarudia!" Ngalula ni mimi. Akamkumbatia mama shingoni, unga wote ukammwagikia mgongoni, na wote wawili wakawa wanalia na kucheka, kila mmoja akimpangusa mwenzake. Mama alimwita dada yangu, dada yangu, mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kuona tena mwanamke aliyefurahi vile.

Tata Ilunga alikuwa kwenye uzio, kofia ya mgodi tayari kichwani. "Tata Ngalula, kuya! Tuende ku kazi!"

Mama akageuka, uso umejaa machozi na unga. "Tata Ngalula, tufungule bintu?"

Tata alikuwa bado ameketi, kikombe mkononi. Aliwatazama wale wanawake wawili. "Fungula," akasema. Akaitoa kofia yake ndani ya mzigo, akavaa mabuti, akatoka. Nilisimama barabarani nikiangalia wanaume wakienda, Wakasai na Wakatanga bega kwa bega, wakitaniana kama zamani. Nilijiona mtoto wa mtu mkubwa. Nyuma yangu mama na Mama Ilunga walikuwa tayari wanasonga bukari kwenye sufuria moja.

Walirudi jua likiwa limeshapinduka, na hawakuwa wakitaniana. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi aliwaapia kwamba hakuna aliyewasha hata utambi mmoja. Ardhi ilijitikisa yenyewe. Mama Ilunga aliposikia hivyo alinawa mikono, akaokota sufuria yake na kuondoka bila kumwangalia mama. Dirisha likafungwa. Treni nayo ilikuwa imeshakwenda, na nafasi yetu imekaliwa na wengine.

Siku chache baadaye vijana walitutoa ndani ya nyumba kwa marungu, kwa hiyo changarawe ya stesheni tuliilalia vilevile. Tuliingoja treni nyingine mpaka mvua zikatukuta pale. Surua ikapita kati ya watoto. Mimi nilipona vizuri. Kalala alipona, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena.

Tulipofika Mwene-Ditu, huko Kasai, mwalimu alitufundisha matetemeko ya ardhi, na mimi nilishika kichwa. Kumbe jambo lile lina jina na lina watu wanaolisomea! Niliona wazi kosa letu lilikuwa wapi. Laiti kambini angekuwapo mtu mmoja tu wa kutuambia ukweli, tungepanda treni yetu saa sita. Nikaapa kuwa mtu huyo. Lakini ada ilikosekana, nikasomea ukarani, nikaolewa, na kazi za shaba zilipofunguka tena nikarudi Kolwezi. Kiapo kikageuka ndoto ya saa ya chakula.

Mwaka mmoja kabla tata hajafa nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekaa kibarazani, anamtazama Kalala akitengeneza baiskeli uani, kichwa kimeinamia upande kama kawaida yake, ili jicho zima lione. Nikamwambia tata kwamba bado natamani kusomea matetemeko, na kwamba siku ile hakuwa na kosa, alidanganyika kama wote. Nilidhani namfariji.

"Mi sikudanganyika," akasema.

Nikamgeukia.

"Nilijuaka pale pale. Baruti inapigaka mara moja, inaisha. Ile ilinguruma kwanza, halafu ikatembea chini ya miguu."

"Sasa, tata, juu ya nini ulienda?"

"Mama Ilunga alikuwa amekamata mama yako mu shingo. Ulibaona? Ningesema ni udongo tu ulitikisika, angemuachilia."

"Na treni?"

"Treni ilikuwa inachelewaka kila siku." Alikuwa bado anamtazama Kalala. "Ile siku njo haikuchelewa."

Hatukuzungumza tena habari hiyo, na sasa hayupo. Mimi nimebaki na hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Miaka yote nilimhurumia tata kwa kutokujua, kumbe alijua, akanyamaza, na jicho la Kalala likaingia kwenye bei ya ukimya ule. Bado naota. Najiona nimesoma, nimekuwa mtaalamu, nimesimama ndani ya nyumba yetu asubuhi ile, mizigo imefungwa, saa sita iko mbele, nami nina hakika kabisa ya ninachokijua. Mama ana unga mgongoni, anacheka, anamwita jirani yake dada yangu. Kila mara nafika hapo, nafungua mdomo, na sisemi.