Damu Inakwenda Wapi?

Faustina Kalinga alikuwa na sauti ya kusimamisha basi. Kabla presha haijaziua figo zake, aliuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu pale Ilula, na madereva wengi walimwita kwa jina. Ugonjwa ulimtoa barabarani ukamkalisha kwenye kiti cha kusafishia damu mjini Iringa, mara tatu kwa wiki. Biashara akamwachia mdogo wake, Pendo. Hayo yote aliyakubali. Alichoshindwa kukubali ni kuambiwa kwamba anajiua mwenyewe.

Maana damu yake ilikuwa haikai. Anaongezewa, anapata nguvu, anacheka na watu kanisani. Baada ya muda mfupi anahema kwa kuvuka ua tu. Daktari wa kituo aliitwa Clement, kijana mpole, na kila mara jibu lake lilikuwa lilelile.

"Mama, figo ndizo zinazousaidia mwili kutengeneza damu. Zako zimekufa. Kula vizuri na usikose sindano zako za kuongeza damu."

"Sindano nachoma. Chakula nakula."

"Basi kuna siku unaruka, mama. Vipimo havidanganyi."

Kwenye kiti cha jirani alikaa Silvester, fundi mstaafu wa malori, mzee wa utani mwingi. Naye damu yake ilikuwa inashuka hivyohivyo. Siku moja alimnong'oneza Faustina kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Alipomweleza daktari, aliambiwa ni vidonge vya madini ya chuma, ndivyo vinavyogeuza rangi. Daktari akamwita mkewe, Benedicta, akamuuliza mbele za watu kama kweli anamlisha mumewe. Mama wa watu alitoka pale akaenda kulilia ukutani.

Silvester alianguka asubuhi akinawa uso. Gari lilipofika kumchukua, alikuwa ameshakata roho.

Msibani, Faustina alikaa mkekani karibu na mjane. Benedicta alimshika mkono.

"Nilikuwa nampikia, dada Faustina," alisema. "Mungu ananiona. Nilikuwa nampikia."

Faustina hakutoa chozi. Taya zilimkaza, akaung'ang'ania mkeka kwa mikono miwili, hata wenzake wakadhani amezidiwa, wakamletea maji. Hakuwa amezidiwa. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe.

Wiki hiyohiyo na yeye akaona choo chake ni cheusi. Akachukua kopo lenye mfuniko, akaweka kidogo ndani, akalifunga vizuri kwenye mfuko na kuondoka nalo. Alipofika Iringa hakwenda kwenye kiti chake. Alipitiliza hadi chumbani kwa daktari, akalitua kopo mezani.

"Hiki nini, mama?"

"Fungua."

Clement alielewa bila kufungua. "Mama, nilishasema. Ni vile vidonge."

"Vidonge vipi? Kwenye dirisha lenu la dawa vimekwisha tangu masika! Sijameza hata kimoja."

"Lakini tulikupima tumbo kwa kamera ya mdomoni. Hatukuona kitu."

"Basi niambie damu inakwenda wapi!" Sauti ile ya Ilula ilitoka hadi kwenye viti vya mashine, wagonjwa wakageuza shingo. "Kaka yangu Amos mlimlaza hapa, mkamtoa damu, mkanitia mimi. Iko wapi? Nimeinywa? Nimeiuza sokoni?"

Daktari akafungua kopo, akalitazama kwa muda, akafunika. Alipozungumza tena hakuwa na ule upole wa kila siku. "Nitakuandikia rufaa ya Mbeya."

"Na Silvester ulimwandikia lini?"

Clement alichukua kalamu. Aliandika akiwa ameinama.

Amos alimsindikiza Mbeya, wakafikia kwa ndugu, na kusafishwa damu kukaendelea hukohuko. Daktari aliyempokea, Lutengano, alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Faustina alimmwagia hasira yote ya Iringa, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Sasa tuitafute hiyo damu."

Wakarudia kamera ya mdomoni, wakaongeza ya njia ya haja kubwa. Zote safi. Faustina akaanza kufura upya, lakini Lutengano akamchorea tumbo kwenye karatasi. Kamera moja inatazama juu, nyingine chini, na katikati kuna utumbo mdogo, mrefu, uliojikunja, ambao zote mbili haziufikii. Wagonjwa wa figo mara nyingi huota humo vimishipa dhaifu vinavyovuja polepole. Na ile dawa wanayotiwa kwenye mashine ili damu isigande huweza kuzidisha uvujaji.

Akampa kamera ndogo, kama kidonge kikubwa, aimeze kwa maji. Ilisafiri yenyewe tumboni ikituma picha kwenye kifaa alichofungwa kiunoni. Kesho yake Lutengano alimwonyesha kwenye kompyuta: madoa mekundu kwenye ukuta wa utumbo, na moja lilikuwa linatoa damu wazi.

"Ndiyo hiyo," daktari alisema.

Faustina aliligusa lile doa kwenye kioo. Kisha akauliza, "Na Silvester alikuwa nayo?"

"Sikumpima, mama, siwezi kusema. Ila alistahili kupimwa."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akipiga goti lake kwa ngumi. Amos alitaka kumtuliza, daktari akamzuia kwa mkono.

Madoa yaliyofikika kwa kamera ndefu yalichomwa. Mengine yalikuwa mbali mno yakaachwa, na Iringa wakaagizwa wamsafishe damu bila ile dawa. Hakupona. Bado damu hushuka, ila polepole, na Amos hajaitwa tena kutoa.

Aliporudi, alishuka Iringa mjini akaenda kwanza kwa Benedicta.

"Kamwene, dada," alisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Karibu ndani."

Hakungoja hata kukaa. "Hukumnyima chakula mumeo. Yeyote aliyekuambia hivyo hakuwa amemtazama tumboni." Akamweleza yote, pamoja na lile ambalo Lutengano hakuweza kulithibitisha, kwamba huenda hata Silvester alikuwa anavuja damu hivyohivyo.

Benedicta alisikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi. Mwisho akavua aproni. "Tunakwenda," alisema.

Walikwenda wote wawili. Clement aliwakuta wamesimama mlangoni kwake. Benedicta hakupaza sauti. Alimwomba arudie swali lile alilomuuliza mbele za watu, sasa hivi, akimtazama machoni.

Daktari alishindwa. Alisema, "Nisamehe, mama."

"Bado," Benedicta alijibu, na Faustina akamshika mkono wakatoka nje.