Miwani ya Mama

Roho anapomshukia Mama katika kanisa letu la Muhuru Bay, asiyemjua hukimbilia maji ya kummwagia. Huzunguka ndani ya kanzu yake nyeupe, hulia, hucheka, husema lugha ambayo mwenyewe haifahamu. Lakini kabla ya hayo yote, kila Jumapili, huvua miwani na kumkabidhi jirani yake anayeuza dagaa tunaowaita omena, naye huitumbukiza kifuani bila hata kuitazama.

Mtafiti wa anthropolojia aliyetoka chuo kikuu fulani alikuja kuandika habari za ngoma za kanisa letu, akanichukua mimi niwe mkalimani na mshika kamera. Alitueleza kwa upole kwamba wataalamu waliomtangulia waliandika kuwa wanawake hupandwa na roho ili waume zao wawajali na kuwanunulia vitu.

“Huyo baba yako,” Mama aliniambia, “hajawahi ninunulia kitu hata nikiwa na akili timamu. Mwambie aandike hiyo.”

Mtafiti akaandika.

Mwenye kiherehere nilikuwa mimi. Swali la miwani lilikuwa limenikaa kooni tangu utotoni, nikalitoa mbele ya mgeni: kama hajitambui Roho anaposhuka, anajuaje kuvua miwani kwanza?

“Kwani Roho ndio itaninunulia ingine?” Mama alifoka. Halafu sauti ikashuka. “Nyathina, mwanangu, miaka hii yote unafikirianga mama yako anaigiza?”

Niliona aibu, na bado sikumwamini. Wiki nzima alinipakulia ugali akiugonga sahanini kama anayepiga msumari.

Jumapili iliyofuata nilisimama na kamera karibu na ngoma. Nakumbuka zilivyokolea, na harufu ya omena zilizoanikwa nje. Kinachofuata ninachokumbuka ni kwamba nimeketi sakafuni, nimelowa jasho, wanawake wananipepea kwa leso.

Baada ya chakula cha mchana, Mama, mtafiti na mimi tukaitazama video. Picha ilitikisika, kisha ikasikika sauti yangu, ya adabu kabisa: “Anti, nishikie hii kidogo.” Kamera ikahamia mikononi mwa muuza omena. Nikatokea mbele yake, nikavua viatu, nikavipanga ukutani kimoja kando ya kingine, kisha nikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Sikukumbuka hata moja ya hayo.

Mtafiti aliandika mpaka kalamu ikamkwama. Mama aliomba kipande cha viatu kirudiwe. Akasukuma miwani yake juu ya pua, akatazama mpaka mwisho, akanigeukia.

“Kumbe na wewe unajua kuigiza,” akasema.