Siku Dada Alipoulizwa Kama Analala

Dada yangu anaishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka jana nilimsindikiza kliniki, kata ya Gerezani jirani na Kariakoo, kuchukua dawa. Kwa kawaida anaulizwa kama anazimeza, anajibu ndiyo, tunaondoka. Siku ile nesi, mama wa makamo, aliweka kalamu chini.

"Mwanangu, usingizi unapata? Mambo uliyokuwa unayapenda, bado unayapenda?"

Dada alishika pindo la khanga, akaitazama sakafu. "Dawa nameza, mama. Kuishi ndiko kulikonishinda."

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na tulikuwa tunakula sahani moja, lakini hilo sikuwahi kumuuliza. Nilidhani ameacha biashara yake ya vitenge kwa uvivu.

"Huo nao ni ugonjwa," nesi akamwambia, "na unatibika." Akampangia mshauri kila Alhamisi.

Dada hakukosa hata Alhamisi moja. Wiki iliyopita nilipita Kariakoo, nikamsikia kabla sijamwona. Amerudi kwenye meza yake ya vitenge, anaita wateja, anacheka mpaka majirani wanageuka. Nikamwomba ruhusa ya kuandika haya.

"Andika," akasema. "Tena waambie vitenge vipya vimeingia."