Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Kwa miaka mitatu nimelikana jambo hili mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya padri na mbele ya mume wangu: mguu wangu ulisubiri ruhusa ya kuku.

Niliteleza kwenye matope ya mtaa wetu wa Vulamba, nikavunjika mguu, nikiwa nimevaa viatu virefu nisivyoviweza, miezi miwili kabla ya harusi ya binti yangu kule Beni. Hospitalini walinifunga plasta. Yaya, dada yangu mkubwa, hakuridhika. Alimleta nyumbani mama mmoja muunga mifupa kutoka njia ya Manguredjipa, na kuku kwapani.

Yule mama aligonga plasta kwa ukucha, akacheka.

“Hii ukuta ya docteur ibakie. Mi kazi yangu nitatumika na kuku.”

Akamvunja kuku mguu, akampaka dawa ya majani, akaufunga kwa vijiti.

“Siku kuku itatembea, na weye utatembea. Mbele ya ile siku, hapana kukanyaga.”

“Mama, mi niko mwalimu wa université.”

“Hata balimu beko na mifupa.”

Akaondoka na kuku wake. Nikabaki na kicheko changu cha kisomi.

Jumatatu ya wiki ya harusi, daktari alikata plasta, akatazama picha ya mfupa, akasema: “Umepona, mama. Tembea.” Nilishusha mguu mpaka kidole kikagusa saruji, nikaurudisha. Jumanne vilevile. Mimi, mwalimu wa mantiki, nilikaa kitini nikiwaza afya ya kuku.

Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kwamba nitamtangulia ukumbini nikicheza. Sasa wajomba walikuwa wanapamba kiti cha kunibebea, kwa riboni za pinki.

“Uko naogopa nini?” mume wangu akauliza.

“Maumivu,” nikadanganya.

Ijumaa asubuhi, mizigo ikiwa tayari garini, simu ikalia: yule mama muunga mifupa.

“Allô! Mwalimu! Kuku yako imeruka ukuta ya lupango! Iko mu shamba ya jirani, inamukulia maharagi!”

“Inatembea?”

“Inatembea wapi! Inakimbia! Niko naifukuza tangu asubui, inanishinda! Na weye, ungali unaikala mu kiti?”

Nilitaka kujibu ndiyo. Nikageuka kukitafuta kiti nilichokuwa nimekalia. Kilikuwa nyuma yangu, mbali, upande wa pili wa sebule.